Papa Niliowalisha kwa Mkono Wangu

Kwetu Ijara samaki si chakula. Ni kitu wanachokula watu wengine, na sisi huwaombea kwa Mungu. Nilipokuwa mdogo shangazi alinikuta nikionja dagaa kwa jirani mwalimu, akanifukuza hadi zizini, akasema nilale na mbuzi mpaka harufu initoke. Nililala vizuri sana. Labda ndiyo sababu, nilipoacha shule kidato cha pili, ndoto yangu ilikuwa tayari: hoteli mjini Garissa, meza sita, maziwa ya ngamia upande huu na samaki wa nazi upande ule, na shangazi akila samaki bila kuambiwa ni nini.

Aliyenifikisha baharini ni abti, yaani mjomba wangu. Alikuwa akipeleka mbuzi kwa lori, kupitia msituni na kwenye vizuizi vya askari, mpaka kijiji kimoja cha Wabajuni ambako miezi ya harusi watu hutaka nyama. Yeye na wenzake walichinja hukohuko. Mimi nilisafisha matumbo, kwa kuwa kazi ya matumbo kwetu ni ya wanawake, na mwanamke kwenye lori lile nilikuwa peke yangu.

Nililazwa kwa mama mmoja mjane. Kazi yake ilikuwa kutafuta pweza miambani maji yakipwa, kwa fimbo ya chuma na macho makali. Aliniita mwanangu tangu siku ya kwanza, nami nikamwita mama. Ndiye aliyenisimulia habari ya ghuba yao. Zamani, alisema, nyavu za macho madogo ziliingia hadi ndani, na jarife, ule wavu mkubwa wa kunasia papa, zikakaa mlangoni mwa mwamba mwaka mzima. Papa wakaisha, watu wakafurahi. Kisha taa, wale samaki bapa wenye mkia wa mwiba, wakazidi, wakawa wanafukua mchanga na kumaliza chaza. Kasa nao, kwa kukosa wa kumwogopa, wakatulia mahali pamoja wakikata majani ya baharini mpaka ukabaki mchanga mtupu. Samaki wadogo waitwao tafi, ambao hujificha ndani ya majani hayo, wakakosa pa kujificha.

"Ikabaki bahari ya maji tu," aliniambia. "Unatosa ndoana, unavuta ndoana."

Yeye na wanawake wenzake walikwenda barazani mara nyingi, wakachekwa, wakatukanwa, wakarudi tena, mpaka wanaume wakakubali kuifunga ghuba isivuliwe kwa nyavu. Ilichukua miaka. Majani yakaota, tafi wakarudi, pweza wakarudi, wakaja papa wadogo, mwisho wakaja wakubwa. Sasa kasa na taa wanakula huku wakihama. Hilo halikunishangaza. Mbuzi wetu nao, simba akiwa karibu, hawang'ang'anii kichaka kimoja hadi mzizi. Hata papa mwenyewe kwa Kisomali tunamwita simba wa bahari, ingawa wengi wetu tungemwona tungemdhania gogo.

Lakini wavuvi vijana hawakukubali kwa moyo. Waliweka sharti, na kila mtu kijijini alilijua: siku papa atakapomgusa mtu, ghuba inafunguliwa na jarife zinatoswa.

Nami nililijua. Niliambiwa wiki ileile niliyofanya nililolifanya.

Ilikuwa hivi. Kwetu mtu hapotezi maji matamu. Nimelelewa kuosha uso kwa kikombe kimoja na kumwagia mche yale yaliyobaki. Pale kijijini kulikuwa na bomba, mama mwenye nyumba akanionyesha, akasema matumbo niyasafishe pale nyuma ya jiko. Nilimwitikia haye, sawa, na moyo wangu ukakataa. Nimwage maji matamu kwenye kinyesi cha mbuzi, na mbele yangu kuna maji yasiyoisha, tena yenye chumvi ya kukata harufu? Nikabeba karai langu mpaka mwamba mmoja ulio kando ya mkondo, pale maji ya ghuba yanapoingilia na kutokea. Nilifurahi kama mtoto. Nilikuwa sijawahi kuosha kitu bila kufikiria maji yatatoka wapi kesho.

Asubuhi ya kwanza kitu kilinyakua kipande cha utumbo. Nilidhani ni samaki wa kawaida tu. Nikacheka, nikatupa kipande kingine. Asubuhi ya pili niliona migongo miwili ya kijivu, si mirefu kuliko mkono wangu mara mbili, ikizunguka kwa adabu kama paka wa buchani. Asubuhi ya tatu niliwawekea mafungu. Wallahi, niliwaonea huruma, nikidhani wana njaa.

Asubuhi ya nne hatukuchinja. Maji yalikuwa yamepwa na yanaanza kurudi, mama akawa anavuka mkondo na pweza wake wawili kiunoni, maji ya magoti, hatua chache kutoka mwamba wangu. Nilisikia wanawake wakiita papa, papa. Walipomleta nchi kavu nyama ya mguu wake ilikuwa wazi chini ya goti, naye anauliza ni nani aliyeshika fimbo yake, isipotee. Zahanati walimshona. Muuguzi alisema mguu utabaki, lakini hakusema utatembeaje.

Baraza lilikaa siku hiyohiyo baada ya adhuhuri. Kabla hatujaenda nilimwambia abti ukweli wote. Alivua kofia, akaivaa.

"Nani mwingine anajua?"

Nikasema hakuna.

"Basi nyamaza. Sisi ni wageni hapa. Mgeni akisema moto ni wake, ataulizwa hata majivu ya mwaka jana."

Sikumlaumu. Soko lile ndilo lililokuwa likitulisha tangu ukame. Nilikaa nyuma na wanawake, shuka usoni. Mbele yetu maneno yalikuwa mafupi. Sharti ni sharti. Mtoto wa kiume wa mama yule niliyelala kwake, mvuvi mwenye mabega mapana, alisema yeye hakungoja baraza. Ametosa jarife yake nje ya mlango wa ghuba tangu mchana, na anayetaka amfuate. Wenzake wakamwitikia. Wanawake walionizunguka, walioilinda ghuba ile miaka yote, waliinamisha vichwa. Mmoja aliyekuwa ameshika mkono wangu aliuachia, akajifuta macho kwa pindo la kanga.

Nikasimama. Abti alinitazama kwa mbali, na nilijua anachosema bila yeye kufungua mdomo.

"Ni mimi," nikasema. "Nimewalisha siku tatu."

"Umewalisha kina nani, dada wa mbuzi?" kijana mmoja akauliza, na watu wakacheka.

Nilisema papa, na Kiswahili changu kikaniponyoka, p ikawa b, wakazidi kucheka. Nikaendelea hivyohivyo. Nikawaambia kwetu simba akiingia zizini, hakuna anayeshika mkuki kwanza. Wazee hufuata nyayo kinyumenyume, kule alikotoka, si kule alikokimbilia. Wanatafuta kilichomwita. Wakikuta mzoga uliotupwa karibu na boma, aliyeutupa ndiye anayeulizwa, na simba haandamwi.

Mtoto wa mama alinijia mpaka karibu. "Mama yangu ana nyuzi mguuni, na wewe unaniletea hadithi za zizi."

"Njoo uzione nyayo," nikamwambia. Sauti ilikuwa ndogo, lakini alisikia.

Tulikwenda wote, karibu kijiji kizima, mimi mbele. Mwamba wangu ulikuwa na damu iliyokauka kwenye nyufa, nzi, na kipande cha utumbo kilichonasa kwenye majani. Hiyo peke yake ingetosha. Lakini maji yalikuwa yamejaa mkondoni, na nilipopanda juu ya mwamba, pale nilipozoea kuinama, migongo ilitoka kwenye maji ya kina ikaja moja kwa moja hadi miguuni pangu. Mitatu safari hii. Ikazunguka.

Kisha mvuvi mmoja wa makamo alichutama, akaosha mikono majini hatua chache kutoka kwangu, akaona hawamgeukii.

"Wanamngoja huyu," akasema. "Hata hatuwahusu."

Baraza liliisha palepale, watu wamesimama. Walikubaliana ghuba ibaki imefungwa, na ule mkondo usivukwe kwa mguu hadi papa wausahau mwamba. Sisi tusichinje tena kijijini msimu ule wote. Abti alisema amekubali. Alisema hivyo kwa heshima, mkono kifuani, na akaondoka kwenda kuhesabu kamba za mbuzi ambazo hazikuhitaji kuhesabiwa.

Mtoto wa mama alikwenda kuivuta jarife yake. Nilingoja ufukweni kwa kuwa sikujua pengine pa kuwa. Alirudi na papa mmoja, mkubwa kuliko wangu, aliyekwisha kufa kwa kujipindapinda wavuni. Huyo alikamatwa nje kabisa. Huenda hata utumbo wangu hakuuonja. Ngozi yake niliipapasa kuelekea mkiani ikawa laini, kuelekea kichwani ikanikwaruza. Kijana yule alisimama kando yangu, hakunitukana. Aliniambia tu nisaidie kuvuta, papa mwenyewe mzito, tukavuta.

Jioni nilikwenda kumpigia magoti mama. Alikuwa amerudishwa nyumbani, na ameshaambiwa yote. Alikaa kitandani, mguu juu ya mto, anakula uji.

"Bomba sikukuonyesha?"

"Ulinionyesha."

"Ukayaonea maji uchungu."

Nikaitikia kwa kichwa.

Aliniambia kwamba mguu ni wake, na wa mguu amenisamehe mbele ya Mungu. Kisha akaniuliza juu ya yule wa wavuni: alikuwa dume au jike. Sikujua hata pa kuangalia. Alinifundisha, akinionyesha kwa kijiko, nami nikatoka hadi pale walipomlaza juu ya makuti, wakati bado hawajaanza kumkata. Nikarudi nikamwambia ni jike.

Aliweka kikombe chini. Jike huzaa wachache, akasema, na kumpata mwingine ni kungoja miaka. Halafu akasema nimpe fimbo yake ya chuma, iko nyuma ya mlango. Aliipangusa mchanga kwa kanga yake, taratibu, kutoka kwenye ncha mpaka pa kushikia, akanipa mimi, akasema niwapelekee wenzake. Kesho maji yanapwa asubuhi, na wao wana fimbo mbili tu.