Niliomba msamaha wa mwaka wa kwanza wa chuo, kijiji kikaniuliza kosa langu

Wakuu, habari za humu ndani. Walio wadogo kwangu, marahaba, najua mngenisalimia mngeniona.

Kuna uzi huko chini, kijana anashangilia kwamba siku hizi ukiwa na uzoefu wa kazi, chuo kinakupunguzia masomo. Unapeleka experience yako, wanaihesabu, unaruka mwaka. Anasema ni utaratibu mpya, wa kisasa kabisa.

Mpya kwa nani, mwanangu?

Mimi niliuomba enzi za Ujamaa, hukuhuku Kilosa, mama yako akiwa bado anabebwa mgongoni. Na nusura unitoe roho. Nachapa kwa kidole kimoja, hivyo mnivumilie. Ninayosema ni kweli tupu, na wapo wachache waliokuwepo ambao wataniumbua nikiongeza chumvi.

Nilimaliza form four nikapata kazi shamba la mbegu kule Kilangali.

Kazi yenyewe msiidharau. Mpunga wa mbegu si mpunga wa kula. Unapita mstari kwa mstari umeinama, unang'oa kila shina ambalo si la aina yake, maana ukiliacha linawaharibia wakulima wa wilaya nzima. Halafu kukausha, kupepeta, kupima uotaji kwenye trei za mchanga. Nilifanya hayo miaka minne, na mgongo wa kushuhudia ninao.

Katikati ya miaka hiyo nikapata mtoto, Tabitha. Sikuwa nimeolewa.

Baba yake alikuwa katibu wa kijiji chetu, upande wa Mvumi. Mtu wa kuletwa, kasoma, suruali ina mstari hata siku ya kulima, mke wake yuko Magomeni pale Kilosa mjini. Jina lake silitaji, na sababu nitaisema mwishoni.

Kijiji kizima kilijua baba wa mtoto ni nani. Kikao ndicho kilichokuwa hakijui. Wa enzi zile mtanielewa: jambo lisipoletwa kikaoni, basi halijatokea.

Sasa chuo kimoja cha kilimo kikatangaza masomo ya miaka miwili, ila mwenye uzoefu wa kazi anaweza kuingia moja kwa moja mwaka wa pili. Nilipoisikia hiyo sikulala vizuri kwa furaha.

Mama yangu ndiye aliyekuwa anamlea Tabitha, akaweka sharti lake mapema. "Perisi, mwaka mmoja nitakaa na huyu mtoto, nenda kasome. Wa pili usiniambie. Mgongo wangu nao una haki zake."

Kwa hiyo kwangu mambo yalikuwa wazi. Nikirukishwa mwaka, nasoma. Nisiporukishwa, narudi kung'oa mpunga wa watu mpaka nizeeke.

Tatizo likawa Kiswahili.

Wakati ule kila ofisi ilikuwa mbioni kukitupa Kiingereza, jambo ninaloliunga mkono hadi kesho. Lakini aliyegeuza maneno pale chuoni alikuwa na haraka zake. Exemption akaiita msamaha. Si vibaya, hata kodi ina msamaha. Experience akaiita uzoefu, sawa kabisa. Conduct ikawa mwenendo.

Kila neno likiwa peke yake halina shida. Yaweke pamoja, kisha yasome kwa sauti mbele ya wazee wa kanisa, uone.

Na ilikuwa lazima yasomwe, maana maombi yote yalipitia halmashauri ya kijiji. Enzi zile hata kwenda kuugulia kwa shangazi yako kulihitaji ajenda.

Kikao kilikaa darasa la kwanza. Wajumbe wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni kama panzi, na kila mmoja kakunja uso wa kazi nzito ya taifa. Mama yangu hakuwa mjumbe, akasimama nje dirishani na Tabitha mgongoni.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Yeremia. Mtu mwema, sitamsema vibaya. Ila alikuwa mlokole wa wale wa kwanza, kila jambo lazima lipite kwenye toba. Alishawahi kusimama kanisani kuungama baiskeli aliyoazima akachelewa kuirudisha, na mwenye baiskeli mwenyewe alikuwa ameshasahau.

Nikawapa shikamoo zao wote. Katibu akasimama, akasoma bila kunitazama:

"Mwombaji ni mzoefu wa miaka minne. Anaomba msamaha wa mwaka wa kwanza. Kijiji kithibitishe mwenendo wake."

Wajumbe wote wakanigeukia.

Wakuu, mnajua kwa Kiswahili chetu nani huitwa mzoefu. Mwizi wa kuku akikamatwa mara ya tatu, huyo ndiye mzoefu.

Mzee Yeremia akavua kofia. "Miaka minne," akasema kwa huzuni ya kweli kabisa. "Na anaomba asamehewe wa kwanza tu. Hiyo mitatu, binti yangu, unaiweka wapi?"

Nikamwambia, "Baba, si kosa. Ni masomo. Naomba nisisome mwaka wa kwanza kwa sababu mambo yake nimeshayafanya."

"Ndiyo," akasema, "umeshayafanya. Ndiyo maana tumekaa hapa."

Akadakia mjumbe wa nyumba kumi, Mama Damari, mwanamke wa kujihami. "Mwenyekiti, iandikwe kwamba kwenye nyumba kumi zangu sijaletewa ripoti yoyote. Kama ni mzoefu, basi anafanyia hukohuko Kilangali."

Kwenye dawati la nyuma alikuwepo mzee mmoja wa wafugaji wa bondeni. Akanyoosha fimbo.

"Nani analalamika?" akauliza. "Sisi kama hakuna ng'ombe wa mtu aliyepotea, hatukai hivi."

Akaambiwa asubiri mengineyo, ajenda ya mwisho.

Nikieleza mambo ya uotaji, wanatikisa vichwa kunihurumia. Nikitaja trei za mchanga, Mzee Yeremia ananiambia nisizunguke. Kadiri nilivyojitetea ndivyo nilivyozidi kuonekana mkaidi, na mkaidi kwa mlokole ni mgonjwa aliyekataa dawa.

Nilianza kucheka moyoni. Kisha nikatazama dirishani, nikaona mama hacheki. Lori la kupeleka maombi Kilosa lilikuwa linaondoka kesho yake asubuhi. Bila muhuri wa kikao kile, chuo hakuna. Kicheko kikaniisha.

Basi wakaingia kwenye kazi ya kunitafutia kosa. Naomba mlielewe hilo vizuri: halmashauri nzima ya kijiji, watu wenye mashamba yao yanayosubiri palizi, inamtafutia kosa mtu asiye na kosa ili wapate cha kumsamehe. Na walikuwa wanafanya hivyo kwa nia njema, ili nisaidike!

Mmoja akasema sikuonekana shamba la kijiji siku ya kupanda. Nilikuwa Kilangali, kwenye shamba la serikali, lakini haya. Mwingine akakumbuka nilimpita siku ya mvua bila kumpa shikamoo yake.

Mwenyekiti akayakataa yote. "Hayo madogo. Tukipeleka kosa la namna hiyo chuoni watatuona kijiji cha watu wasio na mambo."

Wakuu, nilikuwa nakataliwa kwa kukosa ubaya wa kutosha.

Ndipo Mzee Yeremia akashusha sauti, akasema kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma.

"Binti, humu sote ni watu wazima. Kosa tunalijua. Lile pale, mgongoni kwa mama yako. Simama, liungame, tugonge muhuri, uende na amani."

Vichwa vyote vikageukia dirishani. Tabitha, alipoona anatazamwa na watu wengi hivyo, akawapungia mkono.

Nilikasirika. Nasema nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Mtoto wangu, ambaye nimemzaa na ninamlisha kwa mikono yangu, ndiye kosa lililofikia kiwango cha chuo!

Nikamtazama katibu. Kainamia karatasi anaandika, uso mkavu kabisa. Sijui alikuwa anaandika nini, maana hakuna aliyekuwa anaongea.

Nikasimama.

"Shikamoo tena, baba," nikamwambia Mzee Yeremia.

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekubali kuungama. Ila nina swali. Kule kanisani kwenu, kosa likifanywa na watu wawili, huungama mmoja?"

Akasema bila kusita, maana kwa mambo ya toba hakuwa mtu wa kupindisha. "Hapana. Wote wawili."

"Basi naomba mwenzangu naye asimame. Si mbali, yumo humu ndani. Tuombe msamaha pamoja, na katibu ayaandike majina yote mawili."

Kalamu ikasimama.

Mngeona wajumbe walivyoanza kukagua dari. Mama Damari akaanza kuhesabu mbao. Wote walijua, na wote walijua kwamba likitoka mdomoni mwangu pale, limeshaingia kikaoni, na likiingia kikaoni limetokea. Litafika tarafa, litafika wilayani, litafika Magomeni kwenye ile nyumba yenye mke.

Mzee wa kifugaji peke yake ndiye aliyefurahi. "Haya," akasema, "sasa mlalamikaji kapatikana."

Katibu akainuka haraka, goti likagonga dawati.

"Ndugu Mwenyekiti, nadhani... nadhani kuna neno limeeleweka vibaya. Msamaha hapa si wa kosa. Ni lugha ya chuo. Maana yake, kwa kuwa ndugu huyu ameshajifunza kazi kwa vitendo, hana haja ya kurudia masomo ya mwaka wa kwanza. Uzoefu ni ujuzi. Ni sifa, Ndugu Mwenyekiti, si doa."

Wakuu, alieleza vizuri! Alieleza kuliko mimi, kuliko waliotunga. Alitoa mpaka mfano wa fundi seremala.

Yaani alikuwa anajua.

Tangu anasoma mstari ule wa kwanza alikuwa anajua maana yake. Akakaa kimya na kalamu yake, akawaacha wazee wa watu wahangaike, akaacha mtoto wake mwenyewe aitwe kosa mbele yake, mradi tu asipepese jicho upande wangu. Mpaka moto ulipogusa suruali yake yenye mstari.

Ombi langu likapita bila kupingwa. Muhuri ulivyogongwa, wino uliruka mpaka kwenye dawati.

Mzee wa kifugaji akauliza kama sasa ni mengineyo. Akaambiwa kikao kimefungwa.

Nilipokuwa nje namchukua Tabitha, Mzee Yeremia akanifuata, kofia mkononi. Mzee yule mzima, wa kupewa shikamoo na kijiji chote, akasimama mbele yangu na mama yangu.

"Perisi," akasema, "nimemwita mtoto wako kosa. Nisamehe."

Nikamsamehe palepale. Huo ndio msamaha pekee ulioombwa siku ile kwa maana yake halisi, na nilishukuru sana kuusikia.

Nikaenda chuo. Lori lilinipitisha Mikumi, nyumbu wamesimama kando ya barabara wanatutazama kama wajumbe wa halmashauri. Nilicheka peke yangu, utingo akadhani nimechanganyikiwa.

Nilisoma mwaka wangu mmoja nikamaliza. Niliporudi, Tabitha akanipa shikamoo kama mgeni, kisha akajificha nyuma ya bibi yake. Iliniuma sana. Huo ni mwaka mmoja tu. Ningeenda miwili sijui angeniita nani.

Baadaye nilipangiwa kazi ya ugani kata zile zile. Watu wakaniita bibi shamba, nikazunguka na baiskeli kufundisha mbegu bora, na Mzee Yeremia ndiye aliyekuwa anakaa mstari wa mbele. Katibu alikuwa ameshahamishwa. Kwa cheo cha juu zaidi, kama mlivyokwisha kubuni.

Sasa ninyi mnaopeleka uzoefu wenu vyuoni, nawaachia funzo langu, mkitaka lichukueni. Ujuzi wako usiuombe kwa sauti ya mkosaji. Ukishaanza kujitetea kwa kitu unachokijua, hapakosi mtu wa kukutafutia kosa, na yupo mwingine pembeni anayejua ukweli wote ila anasubiri uguse jina lake ndipo aufungue mdomo. Huyo mtafute mapema, mwanzo wa kikao.

Tabitha nimemsomea uzi huu kabla sijauweka. Naye ni bibi sasa, ana wajukuu wakorofi. Historia yake anaijua siku nyingi. Akaniambia, "Mama, ulisema jina la baba utaeleza. Liandike basi. Umri wote huu unamfichia nini?"

Simfichii, wakuu. Ningelitaja, wengine mngeanza kunieleza kwamba yamepita, alikuwa kijana, nimwachilie. Na mimi ningelazimika kuitisha kikao.

Huyo hajawahi kuomba msamaha.

Karibuni mchangie. Aliyewahi kuombeshwa radhi kwa kujua kazi yake aje atueleze, na kama kuna mwenye kumbukumbu ya kilichosemwa kwenye mengineyo enzi zile, atuambie yule mzee wa fimbo alifikiwa lini.