Umeme Uliorudi Nyuma

Mjukuu wangu ni mhandisi wa umeme. Juzi alikuja na kompyuta yake, akaiweka juu ya kitambaa changu cha meza bila kuniuliza, akanionyesha mistari ya rangi na vidoa vyake. Hiyo ndiyo programu yao ya kuigiza mtandao wa umeme. Unakata waya humo ndani kabla hujaukata barabarani, ukaona kitakachotokea. Akaniambia wamepata toleo jipya.

"Bibi, sasa inaonyesha hata umeme unaorudi nyuma. Watu wana sola zao na majenereta yao. Wakiwasha vibaya, umeme unapanda kwenye laini kutokea chini. Ile ya zamani haikuweza. Hili ni jambo jipya kabisa."

Niliinuka nikaenda jikoni. Alidhani nimechoka. Sikuchoka, nilikasirika, na mtu wa kumkasirikia sikumwona. Babu yake alikufa kwa hicho anachokiita kipya.

Tuliishi Kilole, pale Korogwe, miaka ile ya Ujamaa. Mimi ni Msambaa wa Dindira, nimekulia kwenye ukungu na majani ya chai. Mume wangu alikuwa Mzigua wa Kwaluguru, fundi wa laini za umeme. Ndugu zangu walisema nateremka mlimani kwenda kufa kwa joto. Joto halikuniua, nilizoea, ila maji ya kunywa ya Korogwe sijayasifu mpaka leo.

Naye mume wangu alikuwa na ubao wake. Ulikuwa ubao wa mvule, mpana kama mlango, aliougongea misumari na nyaya nyembamba kufuata laini halisi. Mwanzo wake ulikuwa betri ya gari, ndiyo mtambo wa Mto Pangani. Baada ya betri kulikuwa na swichi yenye kufuli dogo, na baada ya swichi balbu za tochi: hii mjini, hii hospitali, hii Kilole, hii shamba la mkonge. Jumamosi mafundi wanagenzi walikuja kujifunza, wakazima hapa na kuwasha pale, mimi nikiwapikia uji na kuwafokea wasinimwagie risasi ya kulehemu sakafuni. Sheria yake ilikuwa moja: zima, funga kufuli, tia ufunguo mfukoni, ndipo upande nguzo.

Mwisho kabisa wa ubao aliweka balbu ya Kwaluguru. Kwaluguru haikuwa na umeme wala nguzo. Aliiweka kwa ajili ya mama yake, ambaye kila akija kututembelea alikuwa hajavua kanga ya safari ameshauliza, "Kwetu kunawaka?" Mwanawe akawasha swichi, bibi akacheka akapiga makofi. Mtu mzima yule, na ndevu zake, alikuwa akimchezea mama yake taa.

Siku aliyokufa walikuwa wakibadilisha vikombe vya kushikia nyaya kwenye nguzo za njia ya shambani. Waliniletea habari asubuhi, nikiwa nachambua mchicha. Nilichambua mpaka ukaisha ndipo nikalia.

Kabla hata ya matanga kwisha maneno yalikuwa yamezagaa. Alisahau kuzima. Mkuu wake wa kazi alilisema hilo barazani kwangu, kwa upole, kama mtu anayetoa pole. Wanagenzi walewale waliokunywa uji wangu walitazama chini. Nami nilikuwa na ufunguo wa kufuli la swichi ya laini ile, ulioletwa pamoja na nguo zake, umetoka mfukoni mwake. Niliwaonyesha. Wakaniambia, shemeji, umeme hautoki hewani; kama alizima, ungetoka wapi? Niliufunga ufunguo kwenye pindo la kanga. Kilichoniuma zaidi ni mama mkwe. Alikaa pembeni kwenye mkeka, na nilijua anachowaza: mwanangu amejiua kwa uzembe, na mimi ndiye niliyemlea.

Rafiki yake aliyekuwa naye pale nguzoni alikuwa Mnyamwezi, na Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara. Msiba wa Mzigua bila vituko vya Mnyamwezi haujatimia. Alipaswa kuzuia jeneza, aseme huyu mvivu analala mchana, adai kuku ndipo atupishe. Hakusema hata neno. Alibeba jeneza akarudi, akasimama kando ya mchungwa wetu mikono nyuma. Mawifi zangu walimlaumu. Mimi nilijiambia, mtani asiyetania ana jambo moyoni.

Jambo lenyewe lilikuwa hili: kazini walikuwa wamemwambia anyamaze. Shamba ni mali ya umma, mkonge ni fedha za kigeni za taifa, usituletee maneno. Naye alikuwa na watoto.

Ikafika arobaini. Nilikuwa bado katika eda, kwa hiyo nilikaa chumbani, nikatazama uani kwenye ufa wa mlango. Watu walikuwa wengi, balozi wa nyumba kumi yupo, mkuu wa kazi yupo na sahani yake ya pilau. Mtani alimtuma mama mkwe kwangu kuniomba vitu vitatu: ovaroli ya marehemu, ubao, na ule ufunguo. Nilivitoa bila kuuliza. Mtani akimwigiza marehemu hazuiliwi.

Alitokea amevaa ile ovaroli, fupi miguuni, na watu wakaanza kucheka. Alitembea kama mume wangu, bega moja juu. Nilicheka nikiwa nimeziba mdomo na kanga, Mungu anisamehe.

"Shikamooni!" akapaza sauti. "Mimi ndiye marehemu. Mzigua, mbishi, sisikii la mtu. Nataka kupanda nguzo. Mama, kwetu kunawaka?"

Aliwasha swichi, balbu zote zikawaka. Mama mkwe hakujibu.

"Sasa nazima." Zikazimika zote. "Nafunga kufuli. Ufunguo huu, natia mfukoni. Nani atasema sikuzima?" Watu walicheka tena, ila kidogo.

Kisha akatoa betri za tochi mfukoni mwingine, akaziweka pale penye balbu ya shamba. "Huku shambani umeme umekatika. Majani ya mkonge yatachacha, na korona, ile mashine ya kuyakwangulia, imesimama. Wao wana injini yao ya dizeli. Wanaiwasha! Swichi ya kujitenga na laini hawakuikata. Nani ana habari na Mzigua aliye nguzoni?" Akanguruma kwa mdomo kama injini, akagusisha nyaya.

Balbu ziliwaka. Swichi imezimwa, kufuli limefungwa, nazo zinawaka, hafifu, mjini, hospitali, Kilole, mpaka Kwaluguru. Mtani akajiangusha chini na ovaroli ya mume wangu, akalala vumbini bila kutikisika. Hakuna aliyecheka.

Mkuu wa kazi aliweka sahani chini. Angesema nini? Neno la mtani msibani halina kesi. Aliaga akaenda zake, na tangu siku hiyo sikusikia mtu akisema kwamba mume wangu alisahau.

Mama mkwe alisogea mpaka kwenye ubao akachuchumaa. Aligusa kufuli, akalivuta kuona kama kweli limefungwa. Akatazama ile balbu ya mwisho.

"Kwetu kunawaka," alisema. Halafu: "Basi mwanangu alizima."

Mtani aliinuka, machozi yamechanganyika na vumbi, akataka kutoa betri. Mama mkwe alimshika mkono akamwambia aache.

Baadaye ubao ulichukuliwa kwenda kufundishia wanagenzi, na hizo betri mtani alizilehemu hapohapo penye shamba zisitoke. Lakini jioni ile ulikaa uani kwangu. Watu walipokwisha kutawanyika, bibi yule alibaki peke yake mbele ya ubao, mkono wake umekinga balbu ya Kwaluguru na upepo, kana kwamba ni kibatari. Nilitamani kutoka nikamwambie kwamba balbu haizimwi na upepo. Sikutoka.