Dakika Kumi na Moja za Mashuka

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, nilimsikia mama yangu akicheka upande wa pili wa ukuta.

Cheko lenyewe nalijua. Linaanza kama kikohozi, halafu linapanda.

Shida ni kwamba mama alikuwa amekaa mbele yangu. Nilikuwa namshikia kikombe cha chai. Na alikuwa hajatoa sauti kwa mwaka mmoja na nusu, tangu kiharusi kimpige.

Nikamtazama mdomoni. Umefumba.

Ukutani akaendelea kuongea.

"Huyo ukimwambia jambo, anakuinulia kidole. Subiri..."

Kikombe kikaniponyoka, chai yote sakafuni.

Mama hakushtuka hata kidogo. Aliinua mkono wake wa kushoto, ule mzima, akaunyoosha kuelekea ukutani. Ule upande wa mdomo unaomtii ukatabasamu.

Jamani, nilitoka mbio bila viatu.

Lakini kabla sijafika kwa jirani, ngoja niwaambie mimi ni nani, maana wengine mnanijua bila kujua.

Kazi yangu ni kupima watu macho na kuwauzia miwani. Nikifunga duka nakuwa Jicho Kavu. Ndiyo, yule wa ule ukurasa wa kuchambua filamu. Wafuasi elfu arobaini. Mlikuwa mkinisoma na kucheka, msijifanye hamnijui leo.

Misimamo yangu mnaifahamu. Sipendi filamu ambayo mtu akifiwa lazima mvua inyeshe. Sipendi shujaa anayepigwa risasi ya bega, halafu dakika mbili baadaye anambeba mwenzake kwa bega lilelile. Mtu akilia, msiniwekee piano. Niacheni nilie mwenyewe au nisilie.

Na dokumentari zinazoanza kwa picha ya kutoka angani, halafu mwanamume mwenye sauti nzito ananiambia maisha ni safari? Hizo nazizima kabla hajafika kwenye "safari".

Ninazozipenda ni chache. Kuna ile ya fundi saa anayekataa mbele ya watu kutengeneza saa ya mkwewe, halafu anaitengeneza kwa siri na kuirudisha mahali pake. Hamwambii mtu mpaka filamu inaisha. Ile naiangalia kila mwaka.

Na kuna dokumentari ya watu watatu wanaochimba kisima, nchi ya mbali huko. Dakika ishirini nzima hakuna anayefungua mdomo. Niliandika: "Ukimya mtamu kuliko maneno." Ikumbukeni hiyo, tutairudia, na mimi ndiye nitakayeumia.

Juu ya ukurasa wangu kulikuwa na maandishi makubwa: NAANGALIA MPAKA JINA LA MWISHO.

Uongo mtupu.

Ukweli ni kwamba nilikuwa na kanuni yangu. Naangalia dakika kumi na moja za mwanzo. Zisiponishika, naruka mpaka dakika ya mwisho, naona walivyomalizia, naandika. Kwa nini kumi na moja? Kwa sababu kumi ingeonekana ni uvivu.

Sasa turudi kwa jirani.

Jirani yangu ni msusi, na sebule yake ndiyo saluni yake. Nilimkuta ana kichwa cha mteja mkononi, televisheni inawaka, na kwenye skrini majina yanapanda.

"Rudisha nyuma!" nikapiga kelele.

"Nirudishe nini? Hii ni televisheni, kaka, siyo simu."

"Filamu gani hiyo?"

Aliniangalia miguu, akaniangalia uso. "Si ile uliyoiponda? Ya wale akina mama wanaofua mashuka ya hospitali. Mimi nimeikazania makusudi. Wewe ukiponda kitu najua ni kizuri."

Mteja akacheka.

*Mashuka Mia Nne.* Naikumbuka vizuri. Ilianza na mashine ya kufulia inazunguka. Inazunguka. Mwanamke akatoa mashuka, akaingiza mengine. Ikazunguka tena. Dakika kumi na moja zilipotimia nikaruka mpaka mwisho, nikaona mashuka yameanikwa kwenye kamba, basi.

Niliandika: "Dakika kumi na moja za mashuka. Kama huna usingizi, dawa imepatikana."

Mama yangu alifua mashuka ya hospitali miaka ishirini na sita. Na wala sikuwahi kuwaza kwamba anaweza kuwemo.

Nikarudi chumbani, nikafungua kiungo cha ile filamu. *Video hii imeondolewa na mwenyewe.* Nikajaribu kwa jina, kwa picha, kwa kila njia. Imeondolewa. Nilitamani kuitupa simu ukutani.

Labda mnajiuliza hasira yote hiyo ni ya nini. Ngoja niwaambie.

Mtaalamu wa mazoezi ya kuongea alikuwa anakuja kwa mama kila Jumatatu. Mama alikuwa hataki mazoezi. Akionyeshwa picha ya paka au kiti, anageuza uso. Basi siku moja yule mtaalamu akaniomba kitu kidogo tu.

"Niletee mahali anapoongea. Video yoyote. Nijue alikuwa anaongeaje, maneno yake alikuwa anapenda yapi. Na yeye mwenyewe ajisikie."

Nikasema hilo dogo. Nikapekua simu yangu. Nikampigia dada yangu, naye akapekua yake. Picha zipo, mama amesimama, mama amekaa. Sauti hakuna.

Mimi, mwenye filamu elfu mbili kwenye diski, sikuwa na hata sekunde moja ya mama yangu akiongea.

Yule mtaalamu akasema kama hakuna njia nyingine ya kumvutia, atapumzisha mazoezi kwanza, kwani kuna wagonjwa wanaosubiri nafasi. Alinipa mpaka mwisho wa mwezi. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Nikaingia inboksi. Jumbe za watu nilikuwa sizijibu, niliona ndiyo ukubwa. Nikatafuta jina la ile filamu. Ujumbe ulikuwepo, wa miezi mitatu nyuma:

"Habari kaka. Naomba uitazame mpaka mwisho. Kuna mtu ameniomba nikuambie hivyo tu."

Wakati ule nilidhani ni mbinu za kutafuta sifa. Sasa nikaandika: "Samahani, naomba tuonane, ni muhimu sana."

Kimya.

Nikaandika tena Jumapili. Nikaandika Jumatatu mara nne. Jumanne likaja jibu la mstari mmoja: jina la mtaa, na neno "mchana".

Yule binti alikuwa anahariri video za harusi kwenye chumba kimoja juu ya duka la vioo. Kompyuta mbili, feni moja, waya kila mahali. Kwenye skrini bwana harusi alikuwa ameganda akikata keki. Binti hakusimama kunisalimia.

"Karibu, Jicho Kavu. Nimekusubiri miezi mitatu."

"Dada yangu, samahani. Nahitaji ile filamu. Mama yangu yumo."

"Najua."

"Ulijua? Kwa nini hukuniambia?"

"Aliniapisha. Alisema ukijua yumo utaangalia kwa kuona haya." Akanigeuzia kiti. "Uliangalia dakika ngapi?"

"Niliangalia..."

"Dakika ngapi, kaka?"

"Kumi na moja. Na ile ya mwisho."

Alitikisa kichwa taratibu. Nilitegemea atanitukana, na ingekuwa afadhali.

"Ile ya kisima uliisifia ukimya," akasema. "Watu watatu na koleo, dakika ishirini, wewe ukaona utamu. Akina mama sita na mashine, dakika kumi na moja, ukaona usingizi. Tofauti ni nini?"

Jibu nilikuwa nalo, ila halisemeki. Ile ya kisima ilitoka mbali na ilikuwa na tuzo, nikaogopa kuonekana sijaielewa.

"Wafuasi wako walinitumia picha za mashuka wiki nzima," akaendelea. "Mimi nilivumilia. Lakini wale akina mama walisoma komenti zote. Mmoja akaniuliza, kumbe kazi yetu inachekesha hivyo? Siku ileile nikaiondoa. Hawa wa televisheni walikuwa nayo tangu mwanzo, sikuwa na nguvu ya kuwafuata."

"Naomba unisamehe."

"Sitaki pole yako. Kaa hapo. Dakika hamsini na mbili. Ukigusa kibodi, tumeachana."

Nikakaa.

Nitasema ukweli, maana nimechoka kudanganya: mwanzo ni mrefu. Ile mashine ingeweza kupunguzwa dakika nne na hakuna ambaye angelalamika. Nilimwambia hivyo na akaniambia ninyamaze.

Lakini ukishaivuka ile mashine unaanza kuona. Unaona kila shuka linavyokaguliwa kwenye mwanga, watu wawili, mmoja kila upande, wanatafuta doa. Unaona wanavyokunja bila kuangaliana, mikono inajua yenyewe. Kuna mama mmoja kila akimaliza rundo analipigapiga juu mara mbili, kama mtoto aliyelala.

Mikono ile naijua. Mimi mwenyewe nimepigwapigwa hivyohivyo mgongoni.

Dakika ya arobaini na tisa, kamera ikapanda usoni. Mama. Ana kitambaa kichwani, jasho linamtiririka, na mdomo wote unafanya kazi.

"Mimi na kamera wapi na wapi," akasema, akacheka. "Huyu binti amenifuata wiki tatu, namkatalia. Halafu nikafikiria. Nina mwanangu mmoja, anapenda sinema huyo! Huyo ukimwambia jambo, anakuinulia kidole. 'Subiri mama, hapa ndipo penyewe.' Nimesubiri mpaka nimeota mvi."

Akacheka tena, kikohozi kwanza, halafu juu.

"Nikasema basi. Kama macho yake yako kwenye sinema, mimi nitaingia humohumo. Nione atakimbilia wapi!"

Wenzake nyuma wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mwambie, Kamanda!"

Kamanda. Miaka ishirini na sita kazini, sikuwahi kujua wanamwita Kamanda.

Hapo nikakumbuka. Siku moja alisimama mlangoni kwangu, bado na nguo za kazi. Akasema, "Baba, leo wamekuja watu wa kamera kule kazini." Na mimi bila kugeuka nikainua kidole. Alisimama kidogo, akaenda jikoni. Hakulirudia tena.

Kwenye skrini mama akajifuta jasho, akaangalia kamera moja kwa moja.

"Binti anataka kuniweka mwanzoni. Nimemkatalia. Niweke mwishomwisho, karibu na majina. Mwanangu ameandika mwenyewe kwamba anaangalia mpaka jina la mwisho, na mimi namwamini. Atanikuta."

Nikajifunika uso. Kulia nililia, tena kwa sauti, na hakukuwa na piano.

Binti aliacha filamu iendelee mpaka jina la mwisho likapita. Halafu akachomoa diski ndogo, akaniwekea mkononi.

"Mpelekee. Na wewe ujue utakachofanya na ule ukurasa wako."

Nilifika nyumbani jua bado liko juu. Nikamsogeza mama karibu na skrini, nikamwekea mto mgongoni, nikaiwasha toka mwanzo. Sikuruka hata sekunde.

Mashine ilipozunguka, mama aliisogelea. Vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kukunja shuka la kitanda chake, pindo kwa pindo. Mkono wa kulia ukajaribu kufuata, ukashindwa, ukajaribu tena. Hakuwa amefanya hivyo kwa mtaalamu hata siku moja.

Dakika ya arobaini na tisa ikafika. Kamanda akatokea.

Nikashindwa kujizuia. Nikainama sikioni kwake.

"Mama, nisamehe. Nilikuwa..."

Mama hakugeuka. Macho yake kwenye skrini, akainua kidole.

Na midomo ikakusanyika, shingo ikakaza, pumzi ikasukumwa kutoka ndani.

"Sssu... bi..."

Hakulimalizia. Hakukuwa na haja. Nililisikia lote.

Jumatatu mtaalamu alikuja na zile picha zake za paka, akaziacha mkobani. Sasa wanafanya mazoezi na ile filamu. Mama anarudia maneno yake mwenyewe, moja moja, akikosea anajicheka kwa kikohozi. "Kamanda" tayari analisema. Jina langu bado, na sina haki ya kudai.

Mimi nimefuta yale maandishi ya juu ya ukurasa. Nimeandika kila kitu, dakika zangu kumi na moja zote, na filamu ngapi nilizihukumu hivyo. Wafuasi elfu tisa wameondoka kwa matusi, nao wana haki. Wale akina mama nimewafuata kazini kwao kuomba radhi. Walinisikiliza, halafu wakanipa upande wa shuka nishike. Binti ameirudisha filamu mtandaoni, na mashine hajaipunguza hata sekunde, kwa makusudi.

Ninachowaambia ni kidogo. Kama sasa hivi kuna mtu amesimama mlangoni kwako anataka kukuambia jambo, na wewe umemwinulia kidole, kishushe. Simamisha filamu. Filamu inajua kusubiri, mtu anaweza kuondoka na sauti yake.

Na mnaoniuliza nimeipa *Mashuka Mia Nne* alama ngapi, bado sijaweza. Kila tukiiangalia, nikifungua mdomo tu, naambiwa nisubiri.