Siku Niliyokataa Kukaa Mkekani

Walianza na hereni. Nilikuwa nimesimama karibu na duara, ndivyo tunavyoyaita mashimo ya wachimbaji huku Ruangwa, mara nikahisi vidole vya mama mkwe masikioni mwangu. Alizitoa hereni kwa upole kabisa, akazifunga kwenye pindo la kanga yake, kisha akanishika mkono anipeleke kwenye mkeka uliokwisha kutandikwa kivulini. Mjane hakai na mapambo. Mjane wa nani? Duara lilikuwa limetitia asubuhi ile na mume wangu yumo ndani, hilo kweli. Lakini maiti hakuna aliyeiona.

Sisi ni wakulima wa korosho na ufuta, kule Mandawa. Shughuli za shamba zikipungua, mume wangu huenda kuchimba dhahabu, nami humfuata nikauze chai na chapati. Kwa hiyo machimbo nayajua. Nilijua kuwa aliyefunikwa anaweza kuwa mzima kwenye upenyo, pale ambapo matimba, yaani magogo yanayozuia kuta, yamegoma kuvunjika. Tena ule mpira wa kupeleka hewa chini ulikuwa bado unapitisha upepo kidogo. Kwangu mimi huyo alikuwa mtu hai aliyefungiwa mlango.

Msimamizi wa duara, rafiki wa mume wangu wa siku nyingi, aligombana kwanza na wasaidizi. Kila mwenye koleo alitaka kufukua kutoka juu, na kila koleo lililogusa ukingo liliteremsha kifusi kingine kichwani mwa yule tunayemtafuta. Akawafukuza wote pale ukingoni. Akajifunga kamba kiunoni, akateremshwa pamoja na wenzake wawili kwenye duara la jirani, akaanza kutoboa kwa ubavu, huku kifusi kikipandishwa kwa karai na kupokewa mkono kwa mkono. Wakisogea kidogo wanasimama, wanatega gogo, ndipo wanaendelea. Kuokoa mtu ni kazi ya polepole mpaka inaudhi. Mimi nilitamani kuitafuna ile ardhi kwa meno.

Tatizo ni upande wa kutoboa. Chini kule huoni kitu, unasikiliza tu. Msimamizi alikuwa anagonga mwamba kwa nyundo, kisha anasubiri ajibiwe. Kila alipotaka kusikiliza alitikisa kamba, na huku juu tukazima jenereta, wenye pikipiki wakazima pikipiki, wenye makarai wakayashusha. Kitu kimoja tu hakikuzimwa, nacho ni kilio.

Watu wa kwetu walikuwa wamefika kwa pikipiki na kwa lori, Waislamu na Wakristo, huyu na tasbihi yake na yule na rozari yake. Sikatai, walikuja kwa wema. Kwetu kunyamaza msibani ni kama kusema aliyekufa hakuwa mtu wa watu. Mama mkwe ndiye aliyeongoza, kwa Kimakonde, akimwita mwanawe kwa jina la utotoni, na wanawake wakimpokea. Alikuwa ameketi karibu kabisa na ule mpira wa hewa. Sauti yake ilinikata maini hata mimi.

Msimamizi akapanda juu, uso wote vumbi. Akanivuta pembeni. Alisema asubuhi alisikia mtu akijibu mara kadhaa, lakini sasa hasikii chochote, na hajui kama ni kelele zinamziba au mwenzetu amekwisha. Akikosea upande, atampita.

"Shemeji, mimi hawanisikii," akasema. "Wewe ndiye mke."

Wanaosema nilikuwa jasiri wananisifu bure. Nilikuwa na hasira. Nilikwenda pale mkekani, nikaushika pembe na kuanza kuukunja, na watu bado wameukalia.

"Hakuna msiba hapa," nikasema. "Anayetaka kulia akalie barabarani."

Wakanisema. Mke gani huyu, jicho kavu, pengine alikuwa anaiombea siku hii. Mzee mmoja akanikumbusha kuwa mwanamke hasemi hivyo mbele ya wakubwa. Nikamwambia makarai yako pale, akaonyeshe ukubwa wake huko. Hata leo sijamwomba radhi, na sitamwomba.

Mama mkwe hakuinuka. "Yule nimemzaa mie," akasema. "Leo wewe wanikataza kumlilia?"

Nikapiga magoti mbele yake. "Mama, kama amekufa nitalia mpaka uchoke kunibembeleza. Sasa hivi nyamaza, tumsikie."

Alinitazama kwa chuki, sitaki kudanganya. Halafu akachukua pindo la kanga, akalisokomeza mdomoni, akaling'ata. Walipomwona yeye kanyamaza, na wengine wakanyamaza mmoja mmoja.

Msimamizi akashuka tena. Tukamsikia akigonga kule chini, kisha kimya. Akagonga tena. Kimya. Hapo nikaogopa kuliko asubuhi. Kama mtoto wa watu kafa kweli, basi mimi nimemnyang'anya mama yake hata kilio. Akagonga mara ya tatu, tukangoja, na mama mkwe akafumba macho na kanga yake mdomoni.

Kamba ikatikisika kama imeshikwa na kichaa. Sauti ikapanda kutoka chini kwamba amejibu, tena yuko mkono wa kushoto, walikuwa wanampita.

Walimtoa jua likiwa bado lipo, wamemfunga kitambaa machoni kumkinga na mwanga, mguu mmoja umevimba, midomo imepasuka. Mama yake akamwangukia, akalia kwa sauti yake yote, na safari hii sikumgusa. Mume wangu alinyweshwa maji kidogo kidogo. Alipoweza kusema, akampapasa mama yake usoni.

"Mama, nilikuwa nagonga na jiwe," akasema. "Halafu kwenye mpira nikakusikia unanililia. Nikasema basi, wameshanizika. Nikalitupa."

 Mama mkwe akageuka akanitazama.

"Mliponyamaza," akasema mume wangu, "ndipo nikasikia nyundo. Nikaanza kulitafuta lile jiwe gizani."