Tikiti ya Marehemu

Kawira hakuwa mtu wa kukaa. Waliompa jina hilo kule Meru walimwombea uchapakazi, na Mungu akawapa pamoja na nyongeza. Pale Sanyuanli, Guangzhou, alikuwa na ofisi ya kukusanya mizigo ya wafanyabiashara wa Nairobi na kuipakia kontena. Alikula amesimama, alipiga simu akizunguka meza, na ukimweleza shida yako alikuwa ameshafika mlangoni kuitatua kabla hujaimaliza. Wachina wa jengo lile walimwita laoban, yaani bosi, na wakisikia viatu vyake walipisha njia.

Lakini kuchapa kazi ni jambo moja, kuhangaika ni jingine, na tangu mwaka wa Olimpiki ya Beijing Kawira alikuwa akihangaika. Mwaka huo viza zilibana. Pasipoti yake ilikuwa imelala kwa watu wa uhamiaji ikingoja viza iongezwe muda, ndipo mama yake akafariki. Mazishi aliyasikiliza kwa simu, Mutwiri, ndugu yake mdogo, akiinua simu juu ili wimbo umfikie, na wimbo ukakatika katikati. Jumatatu yake Kawira alikuwa bandarini Nansha akigombana na watu wa kontena.

Pasipoti ilirudi, ila nyumbani hakwenda. Alihama chumba kimoja hadi kingine, mara kelele, mara unyevu, mara jirani anakaanga pilipili. Mutwiri alipopiga kumwuliza atakuja lini ili kaburi lijengewe saruji, alijibu, "Endeleeni tu. Msiningoje." Baadaye akawa hapokei kabisa. Ukweli ni kwamba aliona aibu. Mtoto gani huyo anayefika kaburini kwa mama yake nyasi zimeshaota, kama mgeni aliyepotea njia?

Aliyemng'oa Guangzhou alikuwa Hansa, Mhindi wa Mombasa aliyekuja kununua vitambaa kule soko la Kangle, na ambaye Kiswahili chake kilimwacha Kawira mbali. Baba yake Hansa, Mzee Jethalal, alikuwa amefariki bila kuacha mtoto wa kiume, ambaye kwa desturi yao ndiye hufanya ibada ya wafu.

"Nataka nimpeleke Gaya," Hansa alisema. "Ni mji wetu mtakatifu, uko Bihar. Wafu wetu twawapa tonge lao la mwisho kule, waache kutangatanga. Nifuate, shoga yangu. Peke yangu naogopa."

"Si mlishamchoma? Sasa utampeleka aje?"

"Wewe twende. Utaona."

Kawira alikubali upesi mno. Mtu anayekimbia hachagui barabara.

Walishuka Kolkata, wakapanda treni asubuhi. Hansa alikuwa na tikiti tatu. Kwenye kiti cha dirishani aliweka nazi iliyofungwa kwa kitambaa cheupe, akaitengeneza vizuri, kisha akaenda kutafuta chai. Kawira akakitazama kile kiti. Sasa, mtu wa makontena haonyeshwi nafasi tupu akaiacha salama. Nafasi tupu humwasha mwilini. Alichukua ile nazi, akaipandisha juu kwenye masanduku, akaibana kwa begi isidondoke, kisha akanyoosha miguu dirishani.

Hansa aliporudi, chai nusura immwagikie.

"Kawira! Baba yangu umemweka wapi?"

Watu wa behewa zima waligeuka. Kawira aliruka kama aliyekalia moto. Hapo ndipo alipoelezwa kwamba marehemu huitwa nyumbani kwake, akaombwa akae ndani ya nazi, afuatane na mwanawe mpaka Gaya, na kwa kuwa ni mzee, hasimamishwi njiani. Hukatiwa tikiti.

"Pole, Mzee," Kawira aliiambia nazi, akiishusha kwa mikono miwili. "Sikujua ni wewe." Kisha, kwa kuwa yeye ni Mmethodisti wa kuzaliwa, alijiona mpumbavu. Hata hivyo safari yote iliyobaki hakuupitisha mguu mbele ya ile nazi.

Gaya ilikuwa imefurika. Ulikuwa msimu wenyewe, na watu walikuja na vichwa vilivyonyolewa, wakiwa na sahani za majani na unga wa kufinyanga matonge. Mto wa Phalgu nao, ambao Kawira alitegemea kuuona ukitiririka, ulikuwa mchanga tu kwa sehemu kubwa. Watu walichimba kwa mikono mpaka maji yakachuruzika chini.

"Umelaaniwa," Hansa alieleza. "Sita, mke wa mungu wetu Rama, alimpa marehemu baba mkwe wake tonge la mchanga hapa, maana hakuwa na mchele. Mto uliona. Alipouitisha ushahidi mbele ya mumewe, ukakana. Basi ukaapizwa upite chini kwa chini."

"Hata mto hudanganya?"

"Sita ndiye aliyenipa moyo wa kuja. Wakiniuliza kaka yako yu wapi, nitawaambia Sita naye alikuwa mwanamke."

Na kweli aliulizwa, na kweli akajibu hivyo, na kuhani akacheka, akamkaribisha. Kawira alichimba maji, akashika sahani. Mwishoni, chini ya mti mkubwa, kuhani alimtaka Hansa ataje chakula kimoja atakachokiacha maisha yake yote kwa ajili ya baba. Hansa akajaribu kupenyeza karela, lile tango chungu. Kuhani akatikisa kichwa: karela kila mtu anaikimbia. Machozi yakamlenga Hansa, akasema, "Embe." Mtu wa Mombasa kuacha embe si mchezo.

Kisha kuhani akamgeukia Kawira, akauliza kitu. Hansa akafasiri: rafiki pia huruhusiwa, yule je, hana wa kumwombea?

"Mwambie sina," Kawira alisema, akaondoka.

Alikodi bajaji mpaka Bodh Gaya, mwendo mfupi tu, ambako Wabudha huja kuuona mti wao mtakatifu. Pale alikuta mahujaji wa Kichina wakibishana bei na mwuza shanga, hawaelewani hata neno. Kawira akajitosa. Aliwapangia bei kwa Kichina, akamkaripia mwuzaji kwa Kiingereza, akauza, akanunua, akafurahi jasho likimtoka. Wale wazee wa Kichina walimpungia mikono kwa shukrani, wakaenda kuketi chini ya mti, wakafumba macho. Yeye akabaki amesimama na shanga mkononi ambazo hakuzitaka. Hakuwa na la kufanya tena. Akaogopa, na hakujua anaogopa nini.

Wakati wa kurudi, Hansa alitoa tikiti mbili.

"Na Mzee?"

"Amefika," Hansa alisema. Uso wake ulikuwa umetulia, kama mtu aliyetoka kuoga. "Sasa kazi yake kwangu imekwisha, na yangu kwake."

Treni iliondoka. Kawira alikaa bila kugusa simu wala kuinuka, jambo ambalo Hansa hakuwahi kuliona.

"Na yule ambaye hakupelekwa popote?" Kawira aliuliza hatimaye. "Yeye hukaa wapi?"

"Hukufuata tu, shoga. Uendako yupo."

Kawira akamfikiria mama yake na yale magoti yake mabovu, akipanda ngazi za Sanyuanli nyuma yake, chumba hiki hadi kile, mwaka mzima, hakuna aliyemwambia, "Mama, kaa." Hakuamini mambo hayo. Dini yake haikumruhusu kuyaamini. Alilia hata hivyo, kwa sauti, mbele ya watu wasiomjua, na Hansa akamshika mkono.

Guangzhou aliwakuta vijana wa mizigo mlangoni wakimwita laoban, laoban, lori la Nansha likingoja. Akawaonyesha kiganja wasubiri, akampigia Mutwiri.

"Dada! Ni wewe?"

"Ni mimi. Mutwiri, lile kaburi mlilijenga vizuri?"

"Kujenga? Nani ajenge?"

"Si nilisema mwendelee?"

"Ulisema. Fundi alikuja, hata saruji ikashushwa. Nikamrudisha. Dada, sisi wote tulimtupia mama udongo, bado wewe. Tungefunika aje na mkono wako haujaingia?"

Lori likapiga honi. Kawira aliegemea ukuta, akateleza taratibu mpaka akakaa sakafuni, katikati ya katoni, simu sikioni.

"Palilia tu nyasi," alisema. "Usifunike. Nakuja."