Bibi Mwanasha, brauza tatu na fomu moja

Leo kompyuta imenichosha, jamani.

Bibi Mwanasha alikuja hapa kwenye saiba yangu Mwabungo nimjazie fomu ya pasipoti. Anakwenda Umra, inshallah.

Brauza ya kwanza ikaganda.
Ya pili ikakataa picha yake.
Ya tatu ikakubali kila kitu, nikashusha pumzi. (Nyinyi mnatumia ipi? Nitajieni.)

Nilipotaka tu kutuma, kompyuta yenyewe ikaanza kujisasisha. Ikaandika: "Usizime."

"Iache imalize," Bibi akaniambia. "Anayeswali hasemeshwi."

Tukangoja nusu saa. Ikawaka. Fomu tupu!

Bibi akavua miwani taratibu. "Basi swala yake imebatilika, mwanangu. Na irudie."

Anayerudia ni mimi, kuanzia jina la kwanza.