Madam Makosa

Siku ya kwanza ya darasa, kabla hata hajaandika jina lake ubaoni, Agnela aliwaambia wanafunzi wake kumi na wanne kwamba tangazo lililowaleta pale lilikuwa uongo. Bango lenyewe lilining'inia nje ya jengo, likitazama barabara ya Kijenge, na maandishi yake yalisomeka hata na mtu aliye ng'ambo: Tovuti na Mitandao ya Kompyuta, Miezi Mitatu, Anza Bila Kujua Kitu, Toka na Kazi.

"Kazi haipo," alisema Agnela. "Miezi mitatu itawatosha kuacha kuiogopa kompyuta na kutengeneza ukurasa mmoja mbaya wa tovuti. Anayetaka kuondoka aondoke sasa hivi."

Hakuna aliyeinuka. Mwanamke mmoja aliyekaa mbele, mrefu, mwenye daftari lililofunikwa kwa karatasi ya kalenda, alinyoosha mkono. Aliitwa Nanyori. Alikuwa ametoka Oldonyosambu alfajiri, akiwa ameacha kibanda chake cha vocha na chaja za simu kwa mdogo wake.

"Sasa Madam, wewe hapa unafanya nini, kama ni uongo?"

"Nafundisha," Agnela alimjibu. "Hayo ya bango kamuulize aliyelitundika."

Uadui wao ulianzia hapo, na haukuchukua siku nyingi kuenea darasa zima.

Agnela alikuwa na miaka thelathini na saba. Wazazi wake walihamia Arusha kutoka Machame, baba akiwa na duka la vipuri, na yeye alikulia hapahapa Kijenge. Kutengeneza tovuti hakufundishwa na mtu. Alijifunza akiwa karani wa kampuni moja ya utalii, kwa kufungua kurasa za watu na kuchungulia zilivyoandikwa, na ilimchukua miaka minne mpaka akaaminiwa tovuti ya kampuni. Korona ilipofika na wageni wakakauka, yeye akapunguzwa kazi. Wageni waliporudi, nafasi yake akapewa kijana mwenye vyeti sita kwenye bahasha. Agnela alikuja kuiona kazi ya huyo kijana. Ilikuwa ovyo. Tangu hapo neno cheti likitajwa mbele yake alikuwa akikunja uso bila kujijua.

Kwa hiyo alipoajiriwa kwenye kituo hiki, mali ya Elimringi, aliingia darasani kama mtu aliyekuja kulipiza. Kila asubuhi alichukua kazi ya mwanafunzi mmoja, akairusha kwenye projekta na kuichambua mstari kwa mstari.

"Nanyori, hapa umefungua alama na hukuifunga. Tazameni kilichotokea. Menyu imeangukia chini, picha imemeza maandishi. Kosa la pili hili hapa. La tatu. Ulikuwa unaandika au unasinzia?"

"Nilikuwa najaribu, Madam."

"Mteja haoni kujaribu. Anaona hii takataka."

Wakaacha kuuliza maswali. Anayekwama alimnong'oneza jirani yake, na jirani naye kama hajui walinyamaza wote wawili. Wenye Kimaasai walizungumza Kimaasai kila Agnela alipopita, na katikati ya maneno asiyoyaelewa alilisikia moja la Kiswahili: Makosa. Madam Makosa. Aliyelianzisha alikuwa Lesian, jamaa mnene wa Sombetini aliyewahi kuendesha bodaboda mpaka alipovunjika mguu. Agnela alijua jina hilo ni lake. Aliliacha liendelee. Kwa fikra zake, mwalimu anayependwa na wanafunzi wake huwa amewafichia kitu.

Mwezi wa pili walihamia kwenye mitandao: swichi, ruta, kukata kebo na kuzifunga vichwa vya plastiki vya kuchomekea. Nanyori, ambaye kurasa zake zilikuwa zikichekesha darasa, alipanga nyaya nane kwa rangi zake, akabana kichwa mara moja, akampa Agnela aipime kwa kifaa chenye taa. Taa zote nane zikawaka kwa mpangilio. Wengine walikuwa wameshaharibu vichwa vitatu vitatu. Nanyori alimtazama mwalimu wake usoni, akingoja.

"Sawa," alisema Agnela. "Anayefuata."

Mtihani wa mwisho aliutunga yeye na kuusahihisha yeye. Kati ya watu kumi na wanne, tisa walianguka. Nanyori alikuwa mmojawapo, Lesian mwingine. Elimringi alimwita Agnela ofisini kabla matokeo hayajabandikwa. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, mzee wa kanisa, na alikuwa na kawaida ya kupanga kalamu zake mezani anapokasirika.

"Tisa, dada Agnela?"

"Tisa."

"Wazazi wao wanakuja Jumamosi kwenye mahafali. Nimeshaalika mchungaji. Niwaambie nini?"

"Waambie hawajui. Ndiyo kweli."

"Weka saini kwenye vyeti. Kumi na vinne vyote."

"Siweki."

Elimringi akazinyoosha kalamu zake, moja baada ya nyingine. "Basi nitaweka mimi. Na wewe vitu vyako uvichukue Jumamosi hiyohiyo. Mtu anayewachukia wanafunzi wangu siwezi kukaa naye."

"Siwachukii."

"Wao wanajua," alisema Elimringi, na hakumtazama tena.

Jumamosi Agnela alifika kuchukua boksi lake. Ukumbi ulinukia pilau, vipaza sauti vilikuwa vikijaribiwa, na wanafunzi wake walisimama koridoni wamevaa majoho ya kukodi. Alipita katikati yao na boksi mikononi. Walisogea kumpa njia, wakaendelea na mazungumzo yao. Hata wale watano waliofaulu hawakumsalimia. Lesian alimfungulia mlango wa ngazi, akaushikilia wazi mpaka apite, kisha akaufunga nyuma yake taratibu, na ndani watu wakacheka.

Alirudi Moshono kwa mama yake, Kandida, ambaye alikuwa akiishi naye tangu baba afariki. Hakumweleza mengi. Alisema mkataba umekwisha. Akawa anapata vibarua vya hapa na pale, tovuti ya shule moja, ya duka la vitenge, na moyoni alijihesabu kuwa ametendewa vibaya kwa kusema kweli. Alijihesabu hivyo kwa wiki saba.

Wiki ya nane, Jumamosi saa nne asubuhi, Nanyori alipiga hodi. Kandida ndiye aliyefungua.

"Shikamoo mama. Namtafuta Madam Agnela."

"Marahaba mwanangu. Karibu, karibu ndani. Wewe ni mwanafunzi wake?"

"Nilikuwa."

Agnela alitoka jikoni akifuta mikono. Nanyori hakumwamkia. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi na kompyuta ndogo magotini, na alianza kuzungumza kabla Agnela hajaketi.

"Nimepata fildi, ya kujifunza kazi, kwenye kampuni ya utalii, pale Sakina. Wamenipa kitu kimoja tu. Fomu ya wageni kuulizia safari. Mgeni aandike jina lake na swali lake, abonyeze tuma, ifike kwenye barua pepe ya ofisi. Siku kumi na moja naihangaikia. Haifiki. Jumatatu wakinikuta bado, wamesema nisirudi."

"Nilikufelisha swali hilohilo," alisema Agnela. "Sikushangai."

"Ndiyo. Ulinifelisha." Nanyori akatoa lile daftari la kalenda kwenye mkoba, akalifungua mahali alipokuwa amekunja, akaliweka mezani. "Soma."

Agnela akasoma. Mwandiko ulikuwa mkubwa, wa mtu anayeandika kwa kukandamiza kalamu. Juu kulikuwa na tarehe, na chini yake: Fomu, jinsi inavyotuma. Kisha neno moja tu, tutarudi.

"Ulisema tutarudi," alisema Nanyori. "Nimelipekua lote. Hatukurudi. Hukutufundisha, na ukaiweka kwenye mtihani."

"Mimi nilijitafutia mwenyewe. Hakuna aliyenifundisha."

"Sikuja kwako nijitafutie, Madam. Kama ni kujitafutia ningebaki Oldonyosambu. Ulituambia bango ni uongo, na sisi tukajua, huyu angalau ni mkweli. Halafu ukakaa miezi mitatu unatusubiri tushindwe ili uonekane ulisema kweli. Kebo yangu iliwaka taa zote nane. Ulisemaje?"

Agnela akalivuta daftari karibu.

"Ulisema, anayefuata."

Kandida alikuwa ameshaingia na sinia la chai, akawa amesimama nalo bila kujua aliweke wapi. Agnela alilitazama lile daftari. Aliikumbuka siku yenyewe. Darasa lilikuwa limemchosha, Lesian amesema kitu na watu wamecheka, na yeye akaamua hawa hawastahili, waende wakaisome wenyewe. Siku ya kutunga mtihani aliikumbuka fomu, akaiweka, na alikumbuka vizuri kwamba alipoiweka alifurahi.

Alitaka kusema kwamba alikuwa amekosea. Kinywa kilikataa. Akasema, "Fungua hiyo kompyuta."

Nanyori akafungua. Agnela akavuta kiti upande wake, na hakugusa kibodi.

"Visanduku vyako havina majina."

"Vina. Hiki nimeandika Jina Lako, hiki Swali."

"Hayo ni ya mgeni kusoma. Seva haiyaoni. Inaletewa mzigo usio na lebo, inautupa. Kila kisanduku kipe jina lake ndani, kwenye mstari wake. Andika wewe."

Nanyori akaandika. Alikosea, akafuta bila kuambiwa.

"Ukibonyeza tuma sasa, inakwenda wapi?"

"Kwenye barua pepe."

"Nani anaipeleka?"

Nanyori akaisoma tena ile mistari. Macho yake yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta. "Hakuna mtu," alisema mwishowe.

"Hakuna. Umeandika barua, umeitia kwenye sanduku, na posta haina mfanyakazi. Tutaandika programu ndogo ikae kwenye seva, iwe inaipokea na kuipeleka. Mistari haizidi ishirini."

"Mistari ishirini," alirudia Nanyori. "Miezi mitatu ukaninyima mistari ishirini."

"Ndiyo," alisema Agnela. "Nilikunyima."

Hilo ndilo lililotoka. Walifanya kazi mpaka chai ikapoa na Kandida akaleta nyingine. Mara mbili Agnela alianza kusema kosa la kwanza, la pili, akajikata. Mara moja Nanyori alimuuliza jambo kuhusu usalama wa fomu ambalo yeye mwenyewe hakuwa na uhakika nalo, akalazimika kusema hajui, watafute. Saa nane na nusu walituma ujumbe wa majaribio kwenye barua pepe ya Nanyori, na simu yake ikalia. Aliutazama ujumbe wake mwenyewe umeingia, akazima kompyuta, akaitia mkobani pamoja na daftari.

"Asante kwa chai, mama," alimwambia Kandida, akatoka.

Alirudi Jumamosi tatu zilizofuata, kila mara na orodha ya mambo, na kila mara alimwamkia Kandida na kumpita Agnela kama anavyopitwa karani wa dirishani. Agnela alimtumia ujumbe Lesian kumwambia naye aje kama anataka. Lesian aliusoma, alama mbili za buluu zikaonekana, na jibu halikuja. Aliwaandikia pia wale wengine saba. Walikuja wawili, wakakaa mbali naye, wakasikiliza wamekunja mikono. Aliwafundisha hivyohivyo.

Mwezi wa kumi, Agnela alikuwa uani akichambua maharage na mama yake. Simu ya Kandida ikaita, naye akasogea pembeni kuzungumza. Aliporudi alikuwa akitabasamu.

"Yule binti wa Oldonyosambu. Wamempa mkataba. Amefunga mtandao wa ofisi nzima, kebo zote kafunga yeye."

Agnela akatupa kokoto moja kando. "Ametuma salamu?"

"Kwangu, ndiyo," alisema Kandida, akaketi, akavuta ungo.